Miche ya mboga kwenye chupa, madumu na trei za mayai: mwongozo wa anayeanza

Maswali ya anayeanza kuotesha mboga nyumbani ni yale yale. Mbona mbegu hazijaota? Mbona miche imerefuka kama uzi, kisha ikalala? Jana jioni ilikuwa mizima, leo asubuhi imekatwa shingoni, nani kaikata? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata kazi yenyewe, tangu kuosha dumu la mafuta hadi mche kushika mahali pake pa kudumu.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla hujakata hata chupa moja. Picha nyingi za bustani za chupa zinazozunguka kwenye simu zimetoka nchi za baridi, ambako mkulima anahangaika kutafuta joto. Ndiyo maana utaona mche umefunikwa chupa iliyokatwa kitako. Ukifanya hivyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa saa saba mchana, mche unaungua siku hiyo hiyo. Huku kwetu maadui wa mche ni jua la mchana, mvua ya masika, maji yaliyotuama kwenye kopo, wadudu na kuku. Kwa hiyo kila kifaa chakavu utakachookota kifanye kazi ya kuleta kivuli, kutoa maji au kuzuia wadudu na kuku. Kazi ya kupasha joto waachie wenzetu wa Njombe, Makete na Lushoto, ambao kweli wanaihitaji kuanzia Juni hadi Agosti.

Mboga zipi zianzie kitaluni

Nyanya, hoho, pilipili kali, bilinganya, nyanya chungu, kabichi, sukuma wiki, chainizi, saladi na vitunguu hufanya vizuri zikianzia kitaluni. Matango, maboga na bamia hazipendi kuguswa mizizi. Zisie moja kwa moja shambani, au kwenye kikombe cha gazeti ambacho kitazikwa pamoja na mche. Karoti usiihamishe kabisa, kwa sababu mzizi ukijikunja, karoti yenyewe imejikunja. Mchicha mwage tutani moja kwa moja.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Dumu la mafuta ya kula la lita 5, moja au mawili
- Chupa za maji za lita 1.5 na za nusu lita, kadiri utakavyopata
- Vikombe vya mtindi, pakiti za maziwa za nusu lita, magazeti ya zamani
- Msumari wa inchi 4, koleo, jiko lenye moto, kisu kikali na mkasi
- Udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga wa mtoni (wa baharini una chumvi, usiutumie)
- Sabuni na dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki
- Chekecheke, au wavu wa dirisha uliochakaa
- Pazia jepesi la zamani na kitu cha kulishikilia: tenga, kreti lililovunjika, au wavu wa feni mbovu
- Kalamu ya wino usiofutika, na vipande vya plastiki nyeupe vya kuandikia jina la mbegu na tarehe

Tarehe hiyo iandike kweli. Baada ya wiki tatu mche wa kabichi na wa sukuma wiki huwezi kuutofautisha kwa macho, na usipokumbuka siku uliyosia, hutajua kama hoho imechelewa au imekufa.

Chombo kipi kwa kazi ipi

Dumu la lita 5 ndilo chombo bora cha kusia mbegu. Lilaze, likate upande mmoja wote kwa urefu huku ukiuacha mkono wake uwe wa kushikia, na utapata beseni lenye kina cha sentimita 7 au 8. Kina hicho kinautosha mzizi wa mche kwa wiki tatu, na udongo haukauki kila saa.

Trei ya mayai ya karatasi watu wengi huitumia vibaya. Kila kishimo chake ni kifupi sana, na karatasi yenyewe hunyonya maji kutoka kwenye udongo na kuyapeperusha hewani. Ukiiacha juani asubuhi, saa sita imekauka. Itumie kwa saladi au chainizi utakazozihamisha ndani ya wiki mbili, na iweke ndani ya sinia lisilopitisha maji. Kulelea nyanya mpaka siku ya kupanda haifai. Maganda ya mayai yenyewe yanapendeza pichani, lakini ganda moja halishiki hata vijiko vinne vya udongo. Yatwange uyatie kwenye mboji.

Pakiti ya maziwa ya nusu lita na chupa ya nusu lita iliyokatwa shingo ndizo nyumba nzuri za mche mmoja mmoja baada ya kutoka kwenye dumu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo ile mifuko myepesi ambayo watu walizoea kuigeuza viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, haipo tena. Pakiti ya maziwa inaziba pengo hilo vizuri, tena ni ngumu zaidi. Ioshe mara mbili kwa sabuni, kwani mabaki ya maziwa huita sisimizi.

Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwa na dawa ya kuua wadudu au magugu, tindikali ya betri, dizeli au oili chafu. Kuosha hakutoshi. Ndoo ya rangi ya maji inafaa ikikwanguliwa na kuoshwa mpaka isitoe rangi wala harufu. Ya rangi ya mafuta iache.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Jaribu mbegu. Hesabu mbegu 10, zitandaze kwenye kitambaa cha pamba kilicholoa, kikunje, kiweke ndani ya kopo lenye mfuniko, mahali penye kivuli. Hakikisha hakikauki. Baada ya siku 7 (hoho na bilinganya siku 14), hesabu zilizochipua. Zikiwa 7 au zaidi, endelea. Zikiwa 4 hadi 6, sia mara mbili ya unachohitaji. Zikiwa chini ya 4, nunua nyingine, usipoteze mwezi.

Pakiti ya gramu 5 ya nyanya ina mbegu zaidi ya elfu moja, na familia inahitaji miche kumi au kumi na tano. Chukua za kutosha, zinazobaki zifunge kwenye chupa ya kioo yenye kijiko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa. Mchele huo hunyonya unyevu. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, bluu au kijani ziweke mbali na watoto na kuku, na osha mikono ukimaliza kuzishika.

Ukitaka mbegu za jikoni, chukua nyanya iliyoiva kabisa, kamulia mbegu kwenye glasi yenye maji kidogo, ziache siku 2 au 3 mpaka ute uachie, zioshe na kuzianika kivulini. Hoho ya kijani haijakomaa, mbegu zake nyingi haziwezi kuota. Tafuta iliyogeuka nyekundu au njano. Na tunda la mbegu chotara halizai linalofanana na mama yake, kwa hiyo usijenge msimu wako juu ya mbegu hizo.

2. Osha, kisha toboa. Osha vyombo kwa sabuni, suuza, halafu viloweke dakika 20 kwenye maji yenye jiki: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo tisa vya maji. Suuza tena. Hatua hii inaondoa vimelea vya kinyaushi, ugonjwa unaoua miche mingi kuliko mwingine wowote.

Pasha msumari motoni, ushike kwa koleo, toboa kitako cha chombo kutoka ndani kwenda nje. Plastiki inapoyeyuka huacha ukingo kuzunguka tundu; ukitoboa kutoka nje, ukingo huo unabaki ndani na kuzuia maji yasitoke yote. Dumu linataka matundu 12 hadi 15, kikombe matundu 4 au 5, kila moja likiwa na upana wa njiti ya kiberiti mara mbili hivi. Ongeza matundu mawili ubavuni, karibu kabisa na kitako, ili maji yapate njia hata chombo kikikaa juu ya sakafu bapa. Fanyia kazi hii nje, ule moshi si wa kuvuta.

3. Changanya udongo. Vipimo 3 vya udongo wa juu, 2 vya samadi iliyooza, 1 cha mchanga. Tumia kopo lile lile kupimia vyote. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, fanya mchanga uwe vipimo 2. Kwa kusia mbegu chekecha vyote, lakini samadi iweke kando mpaka umalize hatua ya 4. Kwa vikombe vya baadaye mabonge madogo hayana shida.

Samadi iliyooza haina harufu ya mavi, haina joto ukitia mkono ndani, na huoni tena majani yaliyoliwa na ng'ombe. Ile inayonuka bado inachoma mizizi. Samadi ya kuku ni kali zaidi, iache mpaka imekaa miezi mitatu au zaidi.

Wakazi wa pwani wana makumbi ya nazi bure. Yachambue nyuzi, yakatekate, yaloweke siku mbili huku ukibadili maji mara tatu ili chumvi itoke, kisha yatumie badala ya nusu ya mchanga. Hushika maji bila kugandamana. Usichanganye na machicha ya nazi. Machicha yanachacha, yanapata joto, na yanaita panya usiku wa kwanza.

Pima kwa mkono: finyanga gao moja la mchanganyiko uliolowa. Likishikana halafu likamumunyuka ukiligusa kwa kidole, upo sawa. Likibaki bonge, ongeza mchanga. Lisiposhikana kabisa, ongeza samadi.

4. Pika udongo wa kusia. Huu ni wa dumu la mbegu tu, si wa vikombe vyote. Upike udongo na mchanga, samadi utaichanganya baadaye. Weka mawe machache chini ya debe au sufuria kuukuu, mimina maji ya kina cha sentimita 3, juu yake weka bati lenye matundu, kisha udongo ulio na unyevu kidogo. Katikati ya udongo fukia kiazi kimoja cha ukubwa wa yai. Funika, washa moto. Kijiti kikipenya kiazi kwa urahisi, udongo umeiva. Uache upoe kabisa kwenye chombo kisafi. Usiuache motoni mpaka ukauke na kunuka kuungua, unaharibika.

Kama kuni au mkaa ni tatizo, mwagia dumu lililojaa udongo maji yanayochemka, polepole, mpaka yatoke chini yakiwa bado ya moto. Hakuui kila kitu, lakini kunapunguza sana.

5. Sia. Jaza dumu hadi sentimita 1 chini ya ukingo. Gongesha chini mara mbili udongo utulie, usiushindilie. Mwagilia, subiri nusu saa, kisha chora mistari kwa penseli, sentimita 5 kati ya mstari na mstari. Weka mbegu moja moja, nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Kumwaga mbegu kiganjani na kuzitupia ndiko kunakoleta msitu wa miche myembamba inayoambukizana kinyaushi.

Kina ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Nyanya, kabichi, hoho na bilinganya ni nusu sentimita hadi moja. Saladi iguse udongo tu na kufunikwa vumbi jepesi, kwani mwanga huisaidia kuota. Tena saladi hugoma udongo ukizidi nyuzi joto 30: pwani, weka chombo chake karibu na mtungi wa maji au ukutani upande wa kivuli, na isie jioni.

6. Funika mpaka zichomoze. Tandika juu gazeti lililoloa au nyasi kavu zisizo na mbegu. Weka kivulini. Angalia kila asubuhi na kila jioni, na siku utakayoona vichwa vitatu vinne, ondoa kifuniko jioni hiyo hiyo. Ukichelewa hata siku moja, miche inarefuka ikitafuta mwanga, na mche uliorefuka siku ya kwanza haurudi kuwa mfupi.

Kabichi, sukuma wiki na chainizi huchomoza siku ya 3 hadi ya 6, nyanya siku ya 5 hadi ya 8, vitunguu siku ya 7 hadi ya 10, bilinganya siku ya 7 hadi ya 12. Hoho na pilipili huchukua siku 8 hadi 14. Usifukue hoho siku ya tisa kutazama imefikia wapi, utavunja mzizi.

7. Mwanga na maji. Kuanzia siku ya kuchomoza miche ipate jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli chepesi. Dirishani ndani ya nyumba hapatoshi, mwanga unatoka upande mmoja na miche inainama.

Kopo la kumwagilia litengeneze mwenyewe: pasha sindano, toboa kizibo cha chupa ya lita 1.5 matundu 8, jaza maji, minya taratibu. Njia bora zaidi ni kunywesha kutoka chini. Weka dumu kwenye beseni lenye maji ya sentimita 2, dakika 15, mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, kisha toa. Mwagilia asubuhi. Miche inayokesha usiku ikiwa na majani na udongo uliolowa ndiyo kinyaushi huianza.

Usifuate ratiba ya mara mbili kwa siku bila kutazama. Tia kidole: udongo ukiwa mkavu hadi kwenye ukucha, mwagilia, ukiwa na unyevu, acha. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, kinga maji ya mvua kwa ajili ya miche tu. Ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zilizoungua ni alama ya chumvi.

8. Hamishia kwenye vikombe. Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu. Subiri majani halisi mawili yatoke, kwa kawaida siku 10 hadi 15 baada ya kuchomoza. Mwagilia, subiri saa moja. Chomeka mpini wa kijiko chini ya mzizi, inua, na shika jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likibonyea mche umekufa. Nyanya izamishe hadi karibu na majani ya mbegu, itatoa mizizi kwenye shina. Hoho iache kina kile kile. Kivuli kizito siku 2, halafu rudisha utaratibu wa jua la asubuhi. Vitunguu haviendi kwenye vikombe, vibaki kwenye dumu mpaka unene wa penseli.

*Kikombe cha gazeti:* kunja ukurasa upate ukanda wa upana wa sentimita 15, uzungushe mara tatu kwenye chupa ya soda ya kioo, ukiacha sentimita 5 zizidi kitako. Kunja hizo ndani kama unavyofunga pakiti ya karanga, gongesha chupa mezani, chomoa. Panga vikombe vikibanana ndani ya sinia, kimoja peke yake hufunguka. Siku ya kupanda, chana ukingo wote utakaobaki juu ya ardhi, kwa sababu karatasi iliyochomoza hufyonza maji kutoka kwenye mizizi.

*Chupa ya kujinywesha yenyewe, kwa anayesafiri siku tatu:* kata chupa ya lita 1.5 sentimita 13 kutoka kitako. Toboa kizibo, pitisha utambi wa fulana ya pamba wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa 25. Pindua sehemu ya juu iingie kwenye kitako, jaza udongo huku utambi ukisimama katikati, tia maji chini yasiguse kizibo. Mara ya kwanza mwagilia kutoka juu, utambi mkavu hauanzi kunyonya wenyewe. Funga gazeti kuzunguka kitako ili mwani usiote.

9. Lisha kidogo tu. Samadi iliyo ndani inatosha wiki tatu. Majani yakianza kupauka, loweka kopo moja la samadi kwenye makopo matano ya maji kwa wiki moja, chuja, zimua mpaka rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, mwagilia mara moja kwa wiki. Mbolea za dukani kama urea na DAP usizitie kwenye kikombe. Punje chache zinatosha kuunguza mzizi wote.

10. Zoesha jua. Siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda, ongeza saa moja ya jua kila siku na punguza maji, bila kuacha majani yanyauke kabisa. Mche ulio tayari una shina gumu na majani ya kijani kizito. Kabichi, sukuma wiki na saladi huwa tayari wiki ya 4 tangu kusia, nyanya wiki ya 4 au ya 5 ikiwa na urefu wa sentimita 12 hadi 15, bilinganya wiki ya 6, hoho na vitunguu wiki ya 6 hadi ya 8. Mche uliozeeka kikombeni, wenye mizizi iliyojizungusha na ua la kwanza tayari, hautakufurahisha.

Kwa pwani, nyanya za kipupwe zisie mwishoni mwa Aprili chini ya paa, ili zipandwe masika yanapokwisha. Zikikaa nje wakati wa mvua kubwa, bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, huziwahi.

11. Panda jioni. Nyanya nafasi ya sentimita 60 kwa 50, kabichi 60 kwa 45, hoho 60 kwa 45, saladi 30 kwa 30. Mwagilia kikombe saa moja kabla. Pakiti ya maziwa ichane ubavuni, usivute mche kwa shina. Kivuli cha kuti au jani la mgomba siku 3 au 4.

Ulinzi

Kuku huja wa kwanza. Tenga chakavu la nyanya likipinduliwa juu ya dumu linatosha. Kizuri zaidi ni wavu wa feni mbovu: ni wa chuma, una umbo la bakuli, na mwanga unapita. Uweke juu ya vikombe, tandaza pazia jepesi juu yake, kandamiza kingo kwa mawe, na umezuia kuku, panzi na vipepeo kwa mpigo mmoja.

Kuhusu inzi weupe, wanaoeneza ugonjwa wa rasta (majani hujikunja) kwenye nyanya, wengi hutumia chandarua kikuukuu. Matundu ya chandarua humzuia mbu, lakini inzi mweupe ni mdogo zaidi na anapita. Pazia jepesi lililofumwa karibu karibu ndilo linalofaa. Kipimo chake: punje ya sukari ikipenya, kitambaa hicho hakifai. Na chandarua chenye dawa kinachoweza bado kutundikwa kitandani kibaki kitandani.

Sisimizi hubeba mbegu za saladi na nyanya zote kwa usiku mmoja. Weka meza ya kitalu juu ya makopo manne, mguu mmoja kila kopo, lenye maji na kijiko cha mafuta ya kupikia yaliyotumika. Mafuta hayo yanazuia pia mbu wasizaliane humo. Meza isiguse ukuta wala tawi.

Sota, kiwavi wa udongoni, ndiye anayekata shingo usiku. Kata pete za chupa zenye kimo cha sentimita 5, zungushia kila mche uliopandwa, zamisha sentimita 2 ardhini. Mchana mtafute kwa kufukua udongo kuzunguka mche uliokatwa, kwa kawaida amejikunja karibu, chini kidogo tu. Majivu husaidia yakiwa makavu, mvua ikinyesha hayana kazi.

Mvua ya masika: nailoni inayokuja na godoro jipya ni paa tayari. Ifunge juu ya miti minne, mbele mita 1, nyuma sentimita 70, pembeni wazi kabisa hewa ipite. Wa nyanda za juu ndio wanaweza kufunika mche kwa chupa usiku wa baridi. Hata wao watoe kizibo, na chupa iondolewe jua linapopanda.

Ukikwama

*Hakuna kilichoota na siku zimepita.* Fukua kona moja tu. Mbegu ikiwa laini na imeoza, maji yalizidi. Ikiwa kama ulivyoiweka, udongo ulikauka katikati au mbegu ni ya zamani. Ikiwa haipo kabisa, ni sisimizi au panya.

*Miche imelala, shina limekuwa jembamba na la maji maji pale linapogusa udongo.* Kinyaushi. Iliyolala haiponi. Ing'oe pamoja na udongo unaoizunguka, acha kumwagilia mpaka uso ukauke, ongeza hewa, nyunyiza mchanga mkavu juu. Udongo huo usiutumie tena kusia.

*Mirefu, imepauka, imeinama upande.* Mwanga ni mdogo au imebanana. Ipunguze kwa mkasi, usiing'oe. Nyanya unaweza kuiokoa kwa kuizamisha ndani zaidi ukihamishia kikombeni. Kabichi iliyorefuka sana sia upya.

*Majani ya chini ni ya njano, udongo umelowa wakati wote.* Tazama matundu, mara nyingi yamezibwa na mizizi au udongo. Yazibue kwa kijiti kabla hujafikiria mbolea.

*Zambarau chini ya majani ya nyanya.* Baridi, au mzizi haupati fosforasi. Nyanda za juu huisha joto likirudi. Kwingine hamishia mche kwenye kikombe kikubwa chenye samadi zaidi.

*Ukoko wa kijani juu ya udongo.* Maji mengi na hewa kidogo. Ukwangue kwa uma, mwagilia kutoka chini.

*Mabaka meupe kama karatasi kwenye majani siku mbili baada ya kutoa nje.* Jua limeiunguza kwa sababu haikuzoeshwa. Irudishe kivulini na uanze upya hatua ya 10. Majani hayo hayaponi, lakini kichomozi cha juu kikiwa kijani mche utaendelea.